Pikipiki ya Silvani, Namba ya Chola

Siku moja hunirudia, mwanangu, hata nisipoiita. Ni siku niliyoteremka botini hapa Nchelenge, nimevuka ziwa kutoka Kongo, nimeshika usukani wa pikipiki, na wanawake waliokuwa wanaanika chisense, dagaa wetu wa ziwa, wakaacha kazi yao ili wanicheke.

"Wengine banakimbia vita na batoto," mumoja akasema, "huyu anakimbia na chuma!"

Mimi nilikuwa naangalia nyuma yangu, kule majini, kama boti nyingine inakuja.

Pikipiki ilikuwa ya yaya yangu Silvani. Yaya, kwetu Kongo, ni mukubwa wako wa tumbo moja. Muzungu mumoja wa Kilwa, ile ya kwetu Kongo ng'ambo ya ziwa, alikuwa anaikimbiza kwenye mashindano, na alipoona mambo yanaharibika akarudi kwao, akamwachia Silvani. Haikuwa ya kwendea sokoni ile. Ilikuwa ndefu, nyembamba, haina taa, haina honi, haina kioo, haina hata fasi ya kufunga namba. Mashini yake mafundi wanaiita tu-stroki: unachanganya oili ndani ya petroli, sawasawa na mashini ya boti. Ukiiamsha inalia kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe, na ukiipa mafuta kidogo tu, gurudumu la mbele linaaga ardhi.

Vita vilipotufikia, ndani ya boti ilibaki fasi ya mutu mumoja na muzigo mumoja. Silvani akaifunga pikipiki kwa kamba, akaweka kifurushi chake chini ya kiti, akanisukuma mimi juu.

"Tangulia nayo," akasema. "Mimi nakuja na boti ya nyuma. Nisipokuona, nitakutafuta kwa sauti yake. Sauti ile naijua hata ndani ya usingizi."

Boti ya nyuma sikuiona. Niliingoja mpaka wale wanawake wakaacha kunicheka, wakaanza kunihurumia, na huruma yao ilinichoma kuliko kicheko.

Mumoja wao, Bana Mwape, yaani mama wa Mwape, mujane, akanipa kijumba cha nyuma ya nyumba yake. Nisikudanganye, nilitendewa vizuri pale. Lakini hapa Nchelenge Kiswahili ni cha biashara. Asubuhi watu wanakuuliza bei kwa Kiswahili. Jua likishuka, kila mutu anaingia ndani ya Kibemba chake na kufunga mulango. Mimi shule niliiachia darasa la nne, na Kibemba kilikuwa kinapita juu ya kichwa changu kama ndege wanaokwenda kulala. Muchana nilikuwa fundi wa mashini za boti. Jioni nilikaa mbele ya kijumba nikipangusa pikipiki ambayo haijachafuka. Kuna upweke wa mutu aliye peke yake porini, na kuna upweke wa mutu aliye katikati ya kicheko asichokielewa. Huu wa pili njo mubaya.

Bon. Siku zikaenda, akatokea Mama Beatrisi, muchuuzi wa samaki wa kwetu, anatoka Chienge, kule kaskazini ya ziwa, na muzigo wa kupeleka Mansa.

"Ilunga," akaniambia alipoiona pikipiki kwa mara ya kwanza, "kule Chienge kuko fundi mumoja murefu. Anatengeneza mashini za batu, halafu anauliza kila mutu: hamukuonaka mudogo wangu na pikipiki?"

"Anaitwa nani?"

"Jina sikuuliza. Lakini akicheka anashika tumbo, sawa mutu mwenye njaa."

Mwanangu, nilikaa chini. Katika dunia hii nzima mutu mumoja tu alicheka vile.

Mama Beatrisi alikuwa hawezi kurudi Chienge mpaka auze samaki wake. Nikatuma neno kwa Kangwa, dereva wa lori. Nilimuambia: sema Ilunga yuko hai, yuko Nchelenge kwa Bana Mwape. Kangwa akaapa kwa mama yake. Baadaye nilijua kwamba neno langu alilimwaga kwenye kilabu cha kwanza njiani, akasahau hata kwamba alilibeba. Namutaja jina, kwa sababu kusahau kwake kulikuwa na bei na hakuilipa yeye.

Bana Mwape akanifokea. "Na wewe si uko na miguu? Lori ya samaki inaenda kesho. Panda."

Nikamuambia nitakwenda na pikipiki. Alinikabidhi yaya, nitamufikishia yaya. Lakini njia ya Chienge ilikuwa na kizuizi, na wakati ule wa vita walikuwa wanakagua mpaka vikapu. Chombo kisicho na taa wala namba kilikuwa kinabaki pale pale. Kwa hiyo nikasema: kwanza niihalalishe, iwe pikipiki ya barabara, halafu niende kichwa juu.

Yule mama akanitazama kama mutu anayetazama samaki anaoza. "Ndugu hangoji taa," akasema, akaingia ndani.

Kazi yenyewe niliifanya vizuri, hilo hata adui wangu hakatai. Mashini ya mashindano haitoi umeme wa taa, inatoa cheche ya kuwakia tu. Nikafungua mashini ya boti iliyokufa, nikatoa waya wake wa shaba, nikausuka upya ndani ya ile ya pikipiki mpaka taa ikawaka. Taa ya breki niliitoa kwenye gari lililokufa. Bomba la moshi, ambalo kelele yake iliamsha batoto wa watu, nililijaza yale manyoya ya chuma ya kusugulia masufuria. Sauti ikapungua, lakini haikubadilika. Honi nikafunga filimbi ya boti ya kubana kwa mukono. Kikabaki kioo. Nikafungua kifurushi cha Silvani: shati, wembe, na kioo chake cha kunyolea chenye ufa kwenye kona. Nikakifunga upande wa kuume. Nilipokaa kwenye kiti nilijiona ndani yake, na nyuma yangu njia tupu.

Ikabaki namba. Hapo njo aliingia Chola.

Chola alikuwa mutoto wa hapa hapa, anauza sukari na betri karibu na bandari. Alikuwa ananiita mulamu, yaani shemeji, ingawa kwao sikuoa. Kwa mutu asiye na mutu, jina kama lile ni blanketi.

"Mulamu," akaniambia jioni moja ndani ya kilabu, "mugeni akiomba namba atazungushwa mpaka azeeke. Iandike kwa jina langu. Nyavu za Bakongomani bote si zinalala kwa majina yetu?"

Na ilikuwa kweli. Hapa ziwani Mukongomani alikuwa na mwenyeji wake. Wavu ulisemwa ni wa mwenyeji, na mwenyewe akavua kwa amani. Hakuna aliyelia. Mimi nikaona wavu na pikipiki ni kitu kimoja.

Bana Mwape aliposikia aliacha samaki juani akaja mpaka kijumbani kwangu, mikono bado na magamba.

"Wavu inajua mwenyewe," akaniambia. "Kila mutu anafunga fundo yake. Ukiiba wavu yangu, fundo yangu itanisemea. Sasa pikipiki iko na fundo gani? Iko na namba tu, na ile namba unamupa Chola."

"Chola ni ndugu, mama."

"Kama ni ndugu, mupeane jina pale bandarini, muchana, mbele ya batu bote. Hata nyavu tunafanya vile. Mutu anayekuazima jina lake ndani ya kilabu, ataliitisha ndani ya kilabu."

Nilimusikia, mwanangu. Lakini pale bandarini walikuwa wanawake walionicheka na chuma changu, na niliona haya kusimama mbele yao niseme: hii ni yangu, mushuhudie. Wazee wanasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Hawakusema kwamba siku unapoivaa unaona joto, na joto lile njo linakudanganya.

Mimi na Chola tukaipakia kwenye lori mpaka Mansa, kwenye ofisi ya namba. Mukaguzi, muzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akaizunguka. Akabana filimbi. Ikalia kama boti inayokaribia gati.

"Hii ni pikipiki ao ni meli?" akauliza, na ofisi nzima ikacheka.

"Inatembea nchi kavu tu, mukubwa," nikasema.

"Bana breki." Taa ya nyuma ikawaka. "Washa ya mbele." Ikawaka. Akainama, akautazama waya niliousuka, akaguna kwa heshima. "Nani mwenye mali?"

Chola akanyanyua mukono haraka kuliko taa yangu.

Kurudi niliiendesha mimi, na permi yangu ya Kongo, leseni ya kuendesha, mufukoni. Chola akafuata na basi. Mwanangu, nitakuwa muongo nikisema sikufurahi. Vijiji vya bonde la Luapula vilikuwa vinanikimbilia na kunipita, mihogo, makanisa, batoto wanapunga mikono. Kwenye kizuizi cha njia ya Mansa polisi akatazama namba, akafungua, hakuniuliza hata natoka wapi. Kwa mara ya kwanza tangu nivuke maji nilikuwa mutu wa halali. Nikapita nalia ndani ya upepo, na hakuna aliyeniona isipokuwa kile kioo.

Nilipanga kwenda Chienge Jumatatu. Jumamosi Chola akaja, uso umeanguka.

"Mulamu, mujomba wangu amekufa. Niazime nikazike, kesho nitairudisha."

Ningemunyima vipi? Mutu amefiwa. Nikamuchanganyia petroli na oili kwa mukono wangu, nikamuonyesha kuiamsha bila kuumiza mguu.

Jumatatu hakuonekana. Wala siku iliyofuata. Wiki ilipokuwa inaisha, nikaisikia sauti. Nikatoka mbio. Akapita mbele ya kijumba bila kusimama, nyuma ya kiti amefunga gunia la sukari. Nikamukuta kwenye kizuizi cha njia ya Chienge, anaongea na polisi aliyeitwa Mutale, wanacheka.

"Leta pikipiki yangu," nikasema.

"Yako?" Chola akamugeukia mwenzake. "Mutale, soma namba."

Mutale hakusoma. Alikuwa amekwisha kunywa kwa Chola mara nyingi. "Mwenye namba njo mwenye pikipiki," akasema. "Wewe uko na ushahidi?"

Nikageuka. Watu walikuwa wengi, lakini wote waliniona naiendesha tu. Hakuna aliyenisikia nasema ni yangu. Bana Mwape peke yake akasogea, akasema kwa Kibemba, kwa sauti kubwa, kwamba ni mali yangu, na mara ile nilielewa kila neno. Mutale akamuambia arudi kwa samaki wake.

"Mukongomani," Chola akaniambia, na hakuniita mulamu tena, "ulikuja na boti. Rudi na boti."

Kesho yake nikapanda lori ya samaki. Ile ile niliyokataa.

Chienge nilimukuta Mama Beatrisi pale ufukoni. Aliponiona alidondosha beseni, akashika kichwa.

"Ilunga! Uko hai na umechelewa!"

Yeye alikuwa amefika juzi yake, na wenye nyumba alimolala Silvani njo walimueleza, na mbele yangu wakaeleza tena. Silvani alikuwa anakula. Akasikia mashini njiani. Akaacha ugali, akatoka mbio, anapiga kelele: "Mudogo wangu! Mudogo wangu huyo!" Akasimama katikati ya njia, mikono juu. Pikipiki ikasimama. Juu yake Chola, ambaye hakuwa na maiti yoyote ya kuzika. Alikuwa anatafuta soko la sukari.

Silvani akagusa kile kioo. Akapitisha kidole kwenye ufa. Akauliza: "Mwenye pikipiki hii yuko wapi?"

"Mwenyewe ni mimi," Chola akasema, akaonyesha namba. "Mwingine simujui."

Yaya akakaa mavumbini. Alijua kwamba mimi nikiwa hai siwezi kuachana na ile pikipiki. Asubuhi akapanda mutumbwi wa kurudi Kongo, kule kwenye risasi, kwenda kutafuta fasi nilipozikwa.

Hakurudi. Mpaka leo hakuna boti iliyomuleta, wala mutu aliyemuona. Nilingoja Chienge mpaka mvua zikaisha, halafu nikarudi kwa Bana Mwape. Hakuniambia, "si nilikuambia." Alinipa kisu, tukaparua samaki pamoja. Sasa naye hayupo, kijumba ni changu, na Kibemba nakijua chote. Lakini ukiondoka wewe, wa kuongea naye Kiswahili cha kwetu, kile cha mama, sina.

Chola yuko. Ana duka kubwa, ananinyoshea mukono kanisani wakati wa kupeana amani. Wengine wananiambia, Muzee Ilunga, samehe, ni zamani. Mimi nasema kusamehe naacha kwa Mungu, yeye ana nafasi. Kazi yangu ni kukumbuka majina. Chola. Mutale. Kangwa. Na la nne ni Ilunga, aliyengoja taa.

Mwanangu, nakuona na pikipiki yako mpya, unapeleka watu kwenye kambi za wakimbizi, Mantapala mpaka Kenani, na nasikia umeiandikisha kwa jina la rafiki ili mambo yaende haraka. Nakuomba, simama. Kitu chako kiite kwa jina lako, hata kama njia ni ndefu. Ukilazimika kuazima jina la mutu, liazime juani, mbele ya watu, na useme kwa kinywa chako ni mali ya nani. Usione haya, haya ya siku moja ni nyepesi. Na ukisikia ndugu yako anakutafuta, usitengeneze kitu kwanza. Nenda na ulivyo. Mutu anayekupenda hatazami umefika na nini.

Mungu akufungulie kila kizuizi, mwanangu. Mashini yako isikuzimikie porini, jina lako lisikauke kinywani mwa watu. Na popote utakapofika, ukute wanaokungoja bado wanakungoja.