Laptop inayojua umeme umekatika

Juzi, nikiwa katika duka moja la mtaa wa Mangobo, mwanafunzi alikuwa akichagua laptop iliyotumika, pamoja na tonton, yaani mjomba wake, aliyeshika pesa. Mwanafunzi alitaka kutengeneza programu ya simu ya kuwajulisha watu umeme unapokatika.

Tonton akaipima mashine mkononi kama samaki. "Iko nzito. Iko muzuri."

Mwanafunzi akachomoa waya wa umeme. Skrini ikazimika hapo hapo.

"Betri imekufa!"

"Alors, kwani nini?" Muuzaji akaifuta skrini kwa shati lake. "Leki yangu, mdogo wangu, programu yako iko tayari mule ndani. Courant ya umeme ikienda, mashine yenyewe inakuambia."

Tonton akacheka, akalipa. Mimi sikucheka. Mjini kwetu nimehudhuria uzinduzi wa miradi mingi, na huu ndio mradi wa kwanza niliouona ukifanya kazi.