Kusaini kwa Chifu

Chuo kikuu kilipofungwa kwa ajili ya maandamano ya kudai vyama vingi, kaka yangu alirudishwa kwetu Kisauni, akaamriwa asaini kwa chifu kila Jumatatu. Bila barua ya chifu ya tabia njema, hangerudi kusoma. Mimi niliishia darasa la saba, basi nilipenda kumsindikiza, nikijiona msomi nami.

Jumatatu moja chifu akamtania, "Haya, profesa, serikali umeshaipindua?"

"Mimi sikuandamana, mzee. Nilikuwa nimelala bwenini."

Nikacheka. "Wallahi anaona haya tu huyu! Ndiye aliyekuwa mbele, kabeba kitambaa cha madai. Alitusimulia mpaka mama akalia!"

Chifu akacheka nami, kisha akafunga daftari taratibu.

Njiani nilimsihi kaka anigombeze. Akasema tu, "Ulikuwa wanisifu, dadangu."

Wenzake waliitwa, wakarudi chuoni. Nilikwenda kwa chifu peke yangu, nikamwapia kwamba siku ile nilisema uongo.

"Wewe mtoto mwema," akaniambia kwa upole. "Uongo huujui."

Vyama vingi vilikuja. Kaka anapakia saruji Changamwe, na vitabu vyake mama amevifunga kwenye gunia.