Mawe Nyuma ya Tairi

Siku hizi wanakuja watu kuniuliza habari za karavani. Wanaiona imekaa uani kwangu hapa Shume, weupe wake umegeuka rangi ya maziwa yaliyochacha, na vichwa vyao vinajaa watalii. Watainunua, wataipaka rangi, wataiegesha mahali panapoonyesha bonde, na wageni watalala humo na kulipa. Ninawakaribisha chai, ninawasikiliza mpaka wamalize, kisha ninawaambia ukweli. Wengi chai yenyewe hawaimalizi.

Ninawaambia karavani ni nyumba, na nyumba haikujengwa itembee. Kila unapoivuta, kuna kitu ndani yake kinalegea. Kabla hujatoa hela, panda ndani ukanyage sakafu kwa kisigino, pembe zote, hasa chini ya madirisha, maana plaiwudi iliyooza haitoi mlio. Nusa makabati. Usidanganywe na meno ya tairi: tairi lililosimama juani miaka mingi lina meno mazuri na ubavu uliopasukapasuka, nalo litakupasukia mahali pabaya. Vua magurudumu uzione beringi. Grisi ikiwa imekauka, zioshe kwa mafuta ya taa na upake nyingine, wala usimwachie fundi akufanyie ukiwa umekwenda kunywa soda. Na kama shida yako ni kumsafirisha mgonjwa, acha kabisa.

Hapo ndipo wanaponitazama vizuri.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori la mbao. Miaka na miaka aliteremsha magogo kutoka Shume mpaka Mombo na kuendelea Tanga, na hakuwahi kuangusha hata moja, jambo alilolisema kila mgeni alipokuja. Mimi nimezaliwa Tanga mjini. Nililetwa huku kufundisha shule ya msingi nikiwa msichana, nikatetemeka kwa baridi mwaka mzima, nikaolewa. Wakwe zangu ni watu wema wa kanisani, lakini mpaka leo nikikosea neno la Kishambaa wanacheka, na jambo likiharibika nyumbani husemwa kwa upole kwamba mwalimu ni mtu wa pwani.

Kisha figo zake zikafa. Daktari alisema lazima asafishwe damu kwa mashine kila wiki, tena zaidi ya mara moja, na mashine iko hospitali kubwa ng'ambo ya Same, safari ya kutwa. Kwenda na kurudi kungemuua kabla ya ugonjwa. Nikasema tupange chumba karibu na hospitali. Akakataa. "Nimelala kwenye kichwa cha lori maisha yangu yote," alisema, "siendi kufia kwenye chumba cha mtu."

Karavani aliiona Lushoto, kwenye ua wa nyumba ambayo wenyewe walikuwa wazungu na walishaondoka. Kuku walitaga ndani. Tuliuza misonobari yetu ya mteremko wa chini, ile tuliyokuwa tumeiweka kwa ajili ya uzee, akainunua na kuanza kuitengeneza mwenyewe, akikaa chini kila baada ya muda kuvuta pumzi. Aliziba paa lililokuwa linavuja, akabadilisha tairi, akampa fundi wa kuchomelea kazi ya kufunga chuma cha kuvutia kwenye pikapu yetu. Breki za mguu za karavani alizifufua. Breki ya mkono ilishindikana. Akaokota mawe mawili makubwa ya mtoni, akayaweka chini ya kitanda. "Hizi ndizo breki zetu za mkono," aliniambia. "Ukisimama mlimani, mawe kwanza. Mengine yote baadaye."

Siku ya kuondoka, ukoo mzima ulikuja kutuaga. Wenye kuijua Usambara wanajua mgonjwa haendi safari mikono mitupu, atasindikizwa na kila shamba. Viazi magunia, kabichi, ndizi, mapeasi kwenye ndoo. Wifi yangu, dada yake mume wangu, ndiye aliyesimamia upakiaji, na kwa kuwa mlango wa karavani uko nyuma, kila kitu kilirundikwa hapo hapo mlangoni. Mume wangu aliona. Alikuwa amepakia mizigo maisha yake yote, lakini mizigo ya lori, inayokaa mgongoni mwa gari. Na nani angeanza kupangua gunia la dada yake mbele ya dada yake, siku kama ile? Tuliombewa, tukaondoka.

Mlimani tulishuka salama kwa gia ndogo. Kwenye lami ya tambarare baada ya Mombo, alipoongeza mwendo, karavani ilianza kutikisa mkia. Kidogo kwanza, kama ng'ombe anayefukuza nzi. Kisha ikaanza kuitupa pikapu huku na huku, mkia ukikiendesha kichwa. Nikaona basi mbele yetu likija na taa zimewaka. Mume wangu hakukanyaga breki. Aliachia mafuta, akashika usukani bila kuupigania, midomo ameibana, mpaka tukasimama tumeikata barabara nusu, na basi limepita ukingoni likipiga honi ndefu.

Alizima injini. Halafu akaanza kucheka, na mimi nikakasirika sana, maana nilikuwa nimejikojolea.

Tulipangua magunia pale pale kando ya mkonge. Toka siku ile akawa na sheria, akaniimbisha mpaka nikaishika: mzigo mzito juu ya tairi, mwepesi mbele, nyuma usiweke hata mto. Na ya pili: mtu hapandi karavani ikiwa inakwenda, hata awe anakufa.

Tuliishi ndani yake karibu na hospitali, kwenye kiwanja cha kanisa walichotuazima. Mnaoota utalii niwaambie: mchana bati lile linakuwa tanuri. Ukipika, mvuke unakwenda kukaa ukutani, na asubuhi godoro lina ukungu chini. Fungua madirisha hata kukiwa na mbu, inua godoro kila wiki, mtungi wa gesi ukae nje. Sisi tulikuwa na shida nyingine zaidi, kwamba mgonjwa wa figo hanywi maji apendavyo. Alipewa kikombe kidogo cha siku nzima. Mtu aliyezaliwa kwenye chemchemi za Usambara alikuwa ananyonya kipande cha barafu katika joto lile huku akinitazama nikiosha vyombo, na mimi nikajifunza kuosha vyombo nje, nyuma, asikosikia maji.

Jioni alinifundisha kuendesha. Leseni nilikuwa nayo, lakini kuvuta tela nilikuwa sijawahi. Aliketi kwenye kiti cha plastiki katikati ya kiwanja, amejifunika blanketi, akinipigia kelele. Kurudi nyuma ndiko kulikonitoa machozi: ukikata kulia, tela linakwenda kushoto. "Shika usukani chini, Mwalimu! Mkono upeleke unakotaka mkia uende! Umefundisha watoto wa watu hesabu, usukani unakushinda?" Nilimjibu kwamba wanafunzi wangu sikuwahi kuwatukana. "Ndiyo maana wote ni wajinga," alisema, na tukacheka wote wawili, halafu akatapika.

Nilijua kwa nini ananifundisha. Hatukulisema.

Akaja kulisema mwenyewe, asubuhi moja kabla ya kwenda mashine. "Sitaki tena. Nirudishe kaya." Kaya ni nyumbani, na kwa Mshambaa ni zaidi ya nyumba: ni pale walipolala babake na mamake, chini ya migomba. Daktari alitueleza bila kuficha kwamba akiacha mashine, siku zake ni chache. Nilimsihi, nikamgombeza, nikamnunia. Aliningoja nimalize. Alitaka kitu kimoja tu, alale hata usiku mmoja kwenye kitanda chake akiwa hai, asikie baridi ya Shume. Nikamwahidi nitamfikisha.

Nilimkalisha kiti cha mbele, mito kila upande, nikamfunga mkanda juu ya khanga yangu. Alikuwa ameshakuwa mwepesi kama mtoto, na miguu imevimba.

Mazinde anakaa kaka yake mkubwa, alishuka zamani kulima mahindi. Hatukuweza kupita bila kumwamkia. Nilisimama barabarani, nikashuka, nikamwambia shikamoo, nikaomba atuombee tukiwa humo humo garini tuendelee. Alilia alipomwona mdogo wake. Wakati anamshika mikono dirishani, vijana wake walikuwa wanafungua mlango wa nyuma. Nilipogeuka, magunia ya mahindi na ya mchele yalishapangwa mlangoni, mkiani kabisa, na mengine yanakuja. Kila mtu alijua ni chakula cha nini. Ni chakula cha msiba, ila hakuna aliyelitamka.

Nikasema, "Shemeji, nisamehe, haya hayawezi kukaa hapa."

"Yatakaa, shemeji. Nafasi ipo."

"Nafasi ipo, lakini karavani itatuua. Tuyasogeze katikati, mengine yabaki."

Akanitazama kana kwamba nimemtemea mate. "Unakataa chakula changu? Ndugu yangu anakwenda nyumbani, wewe unapima magunia?"

Nilimtazama mume wangu anisaidie. Alikuwa amefumba macho, lakini kidole chake kimoja kiliinuka kutoka kwenye khanga, kikaashiria mbele. Juu ya tairi. Basi nikapanda mwenyewe, mwanamke mzima mwenye mvi, nikaanza kuburuta magunia. Vijana walisimama wakimtazama baba yao. Aliwapa mgongo. Niliyatoa mengine nikayashusha chini barabarani, mengine nikayaburuta mpaka katikati, nikayafunga kwa kamba. Ilinichukua muda ambao maharage makavu yangeiva. Nilipomaliza, shemeji alikuwa ameingia ndani kwake, na hakutoka kutuaga.

Mpaka leo anasema kwamba muda ule ndio uliomkosesha ndugu yake kitanda chake. Anasema hadharani, msibani alisema, na kwenye arobaini alisema tena. Mimi nasema bila muda ule angeubeba mwili wa ndugu yake na wa kwangu kutoka kwenye mtaro wa Mombo. Hatutapatana, nami nimechoka kujieleza.

Tulianza kupanda mlima jua limeinama. Barabara ile imechongwa ubavuni, na tela likishasimama kwenye mwinuko, kuliondoa tena ni kuomba Mungu. Aliniambia tangu kiwanjani: ukianza mlima usisimame, kitokee kitakachotokea, mpaka tambarare ya Soni. Aliongea taratibu kila kona. "Gia ya pili. Tanua. Tanua zaidi, mkia unakata ndani. Sasa." Mara moja akaomba, "Mwalimu, nilaze nyuma, mgongo umekwisha." Kitanda kilikuwa hatua chache nyuma yetu, kimetandikwa. Nikamwambia, "Sheria ni yako." Akasema, "Vizuri."

Kuna kona moja kabla ya Soni ambayo aliilaani kila mara alipoipita kwa miaka yote ya lori. Niliikaribia nikisubiri laana. Haikuja. Nilitia gia ya pili mwenyewe, nikatanua, nikaingia. Nikasema, "Nimeipita." Hakujibu. Kichwa kilikuwa kimeegemea mto, kinacheza na barabara.

Sikusimama. Nilikuwa nazungumza naye, namwambia gia, namwambia kona, mpaka Soni. Pale tambarare niliegesha, nikaweka mkono shingoni mwake. Watu walikuwa wananunua nyanya kando ya dirisha langu, karibu wanigonge. Ningesema neno moja, wangejaa, wangemtoa, wangempakia gari jingine na kuniondoa kwenye usukani. Nilimfumba macho, nikakaza mkanda, nikaenda. Nilimwahidi nitamfikisha, na sehemu ya ahadi ilikuwa bado.

Simu ililia Lushoto, ikalia tena msitu wa Magamba. Mikono yangu ilikuwa na kazi.

Uani kwetu ni mteremko mkali unaoishia bondeni. Niliingia, nikasimama pua imeelekea juu, nikakanyaga breki kwa nguvu zote. Gia na breki ya mkono ya pikapu hazishiki na tela nyuma, tulishazijaribu zamani zikateleza. Walikuwa wamejaa uani, wakaja mbio wakiimba, wakafungua mlango wa upande wake. Wimbo ukakatika. Kisha kilio kikapasuka, na kila mmoja akawa chini, au amemshika mwenzake, au amemkumbatia mume wangu akimvuta kutoka kwenye mkanda. Na mimi nimekaa, mguu kwenye breki unatetemeka, napiga kelele: "Mawe! Wekeni mawe!"

Walinitazama. Nikasikia mtu akisema mwalimu amechanganyikiwa. Mwingine akasema hata kulia hajalia.

"Mawe! Nyuma ya tairi!"

Ni wifi yangu aliyeelewa, au alinionea huruma tu. Aliniuliza yako wapi. Nilimwambia chini ya kitanda. Aliingia huku analia, akatoka nayo moja moja, ameyakumbatia kifuani. Nilimwona kwenye kioo akiinama upande mmoja, akizunguka, akiinama upande wa pili. Akaja dirishani kwangu, khanga imelowa tope.

"Nimeweka," alisema. "Sasa?"

Nikaondoa mguu. Karavani ikarudi kidogo, ikagusa mawe, ikatulia. Ndipo nilipolia.