Fundi wa Vibao

Mafundi wenzake walimwita Mzee Vibao, na walimcheka sana. Alikuwa fundi wa spika na mota zilizoungua, na humo hutoka sumaku kali, si zile za kuchezea watoto. Mbili zikirukiana na kidole kikawa katikati, kidole hicho sahau. Chake kimoja hakikuwa na kucha tangu ujana. Basi akajiwekea sheria: sumaku haiachwi mezani tupu hata dakika moja. Inavalishwa vibao viwili vya mbao, kimoja kila upande, kisha inatiwa sandukuni, mbali na chuma. Mbao haiui nguvu yake, inaizuia tu isibamize.

"Vibao, umeshazivika nguo?" fundi viatu wa jirani alizoea kumtania.

"Wewe cheka tu, bora vidole unavyo vyote."

Mkewe alipopandikizwa kifaa cha moyo, sheria ziliongezeka. Daktari aliwaeleza bila kuzunguka: moyo wa mama ukianza kwenda ovyo, kifaa kitaupiga shoti urudi sawa. Lakini sumaku ikikaribia kifua, kifaa kitanyamaza, na hakitapiga mpaka iondolewe.

"Kwa hiyo wewe fundi," alisema, "kazi yako iishie kazini."

Ikaishia kazini kweli. Kila jioni aliivua aproni karakanani, akajipapasa mifuko yote, akanawa, ndipo akashika njia ya nyumbani. Mkewe alimsuta kwamba ameolewa na askari wa getini anayejikagua mwenyewe. Kifaa kilifanya kazi mara moja tu, akiwa anachambua mchele. Alikaa chini ghafla, akasema amepigwa teke la punda, kisha akaendelea na mchele wake. Siku hiyo aliyelia ni mume.

Asubuhi moja alikuwa amefungua spika, sumaku iko mkononi, dada yake akatokea mlangoni hana viatu.

"Kaka, twende. Wifi kaanguka."

Hapa ndipo mtu unatamani angekuwa mzembe. Mzembe angeibwaga mezani akatoka mbio. Yeye hakuweza, maskini. Akili ilishafika nyumbani, lakini mikono ya miaka thelathini ilichukua vibao viwili, ikaivalisha ile sumaku, na kwa kuwa sanduku lilikuwa upande wa pili wa chumba, ikaitia kwenye mfuko wa kifuani wa aproni. Kisha akakimbia.

Alimkuta kwenye sakafu ya jikoni, macho yamegeuka, anahema kwa shida. Dada aliendelea hadi barabarani kutafuta gari. Fundi akapiga magoti, akamwinua mkewe, akamlaza kifuani pake.

"Vumilia, mama. Kitapiga sasa hivi."

Akalisubiri lile teke. Lilipochelewa akazidi kumkumbatia, ili likija alisikie na yeye. Alimwambia amekiona kikombe chake dirishani, chai bado ya moto, atainywa wakirudi. Alimsemesha hivyo mpaka honi ikalia nje, na hakumwachia hata ndani ya gari.

Hospitali walimpokea mikononi mwake, wakahangaika naye nyuma ya pazia. Daktari alipotoka hakuhitaji kusema mengi. Fundi alikasirika, akauliza kifaa gani hicho, mbona hakikupiga hata mara moja. Daktari alisema watakipima, maana hata yeye haelewi.

Muuguzi akamletea karatasi ya kutia sahihi, na kalamu ya chuma. Alipoinama kuandika, kalamu ilimponyoka vidoleni, ikaruka, ikaganda kwenye aproni, kifuani, upande ule aliokuwa amemlaza mkewe.

Hakuibandua. Aligusa mfuko, akavikuta vibao viwili.

"Kaka, kuna nini?" dada aliuliza.

Fundi aliivua aproni na kalamu yake, akaipeleka nje ukumbini, akaiweka chini mbali na mlango. Kisha akasimama pale pale, akaanza kujipapasa mifuko ya suruali, mmoja mmoja, kama kila jioni kabla ya kwenda kwa mkewe.