Kapsuli Iliyobaki Mfukoni

Niseme mapema ili tusisumbuane: nina diploma. Ni ya lishe ya jamii, na sikuipata kwa kubebwa na mheshimiwa yeyote. Niliilipia mwenyewe kwa kuosha magari Kitale, Jumamosi na Jumapili na kila likizo, mpaka vidole vikawa na mikunjo ya mtu wa miaka themanini. Cheti nimekiweka kwenye fremu na kukitundika chumbani kwangu Nawoitorong, mtaa wa Lodwar, mkabala na mlango, ili anayekuja kuomba sukari akione kabla hajafungua mdomo.

Niliporudi Lodwar, watu waliokuwa wakiniita mtoto wa yule mama wa makaa walianza kuniita daktari. Mimi si daktari. Sikuwasahihisha, kwa sababu kuna mambo ambayo mtu akiyasahihisha anaonekana ana kiburi.

Kazi niliyopewa ilikuwa ya vitamini A. Mara mbili kwa mwaka tunazunguka kuwatafuta watoto wote kuanzia wa miezi sita hadi wasiofika miaka mitano. Wa chini ya mwaka mmoja hupewa kapsuli ya buluu, waliozidi mwaka hupewa nyekundu. Unakata ncha kwa mkasi, unambana mtoto mashavu kwa vidole viwili, unakamua matone, unafuta kidevu. Mwili unayaweka mafuta hayo akiba kwenye ini na kuyatumia polepole. Mtoto asiyekuwa nayo hushikwa na kila ugonjwa unaopita njiani, na macho yake huanza kukauka. Kwanza, jua linapozama, anashindwa kuona. Ukimwacha hapo, jicho linaweza kutoka kidonda, na kidonda hicho hakisubiri mkutano wa robo mwaka.

Nilikuwa na mabango pia, yenye picha za karoti, papai, embe na mchicha. Niliyaonyesha upande wa pili wa laga, ule mto wa mchanga usio na maji, mahali ambapo kitu pekee cha kijani kilikuwa gari letu. Mama mmoja alitazama bango kwa muda mrefu, kisha akauliza kama karatasi yenyewe inapikwa au inaliwa hivi hivi.

Katika kampeni ninayoisimulia nilikuwa kiongozi wa timu ya Kakuma. Tulikuwa wanne, dereva akiwemo, na ofisi ya Lodwar ilikuwa imesema kwamba timu itakayomaliza kwanza itatajwa mbele ya watu wote kwenye mkutano wa kufunga. Napenda kutajwa. Siku ya mwisho, mchana, tulifika kwa dada yangu.

Dada yangu ni mkubwa kwangu kwa miaka saba na ndiye aliyenibeba mgongoni. Anaishi nje kidogo ya mji wa Kakuma, na riziki yake ni kuni anazopeleka kuuza kambini kwa wakimbizi. Ana binti mmoja wa miaka minne. Siku hiyo hatukumkuta mtu. Alikuwa amekwenda kambini na kuni kichwani na mtoto nyuma yake. Lakini kijitabu cha kliniki cha mtoto nilijua kilipo: kwenye mfuko wa plastiki, juu ya mti unaoshikilia paa.

Dereva alipiga honi. Nikakitoa kijitabu, nikaandika tarehe, nikatia tiki, nikaweka sahihi yangu, ambayo ni nzuri kuliko ya watu wengi wenye digrii. Kapsuli moja nyekundu nikaitia mfuko wa shati. Nilijiambia: huyu ni mpwa wangu, jioni nitapita nimpe. Kumtilia tiki mtoto wa ndugu yako si sawa na kumtilia mtoto wa mtu. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na watu wa kwetu wengi wangefikiri vivyo hivyo, kwamba jambo la nyumbani likishasemwa limeshafanyika.

Jioni hiyo dereva aliamua tuondoke mapema ili tuwahi Lodwar kabla ya timu nyingine. Kabla hatujafika, joto lilikuwa limeipasua kapsuli mfukoni. Mafuta yakachora duara juu ya moyo wangu, na nikasimama mbele ya watu nikipigiwa makofi na duara lile. Tulitajwa wa kwanza. Kapsuli zilizobaki zikahesabiwa na kurudishwa stoo, nami nikaenda kulala na amani ya mtu aliyefaulu.

Wiki tatu baadaye nilikwenda kumsalimia dada, nikiwa na sifa zangu mpya. Habari zilikuwa zimenitangulia. Akachinja mbuzi, na kwa ukame wa mwaka ule unajua mbuzi ni nini. Alikuwa amemwalika rafiki yake wa kambini, mama mmoja wa Sudan Kusini anayeuza samaki wakavu, mrefu kiasi kwamba aliingia kwenye boma letu kama mtu anayeingia kwenye kabati.

"Ejok," akanisalimia kwa Kiturkana, akionyesha kwamba amejifunza. "Wewe ndio daktari?"

"Ndiye yeye," dada akajibu kabla yangu.

Kwetu, ini huchomwa kwanza na hupewa mwanamume anayeheshimiwa siku hiyo. Siku hiyo nilikuwa mimi. Nililila lote, kwa chumvi, nikisimulia habari za mkutano wa Lodwar. Mpwa wangu alikuwa amekaa ubavuni mwangu. Jua lilipoanza kuzama akanyamaza. Akanyoosha mkono kutafuta nyama, akagusa mchanga, akagusa sufuria ya moto, akaruka, akagusa goti langu, akabaki amelishika.

"Amekuwa mvivu huyu," dada akasema. "Mchana anakimbia kama swala. Jua ikiingia anakaa kama bibi. Ukimtuma kikombe anaanguka makusudi."

Nikatoa maelezo kuhusu malezi na utiifu wa mtoto. Yalikuwa maelezo mazuri, yenye sehemu tatu. Mama wa samaki hakuwa akinisikiliza. Alichukua mfupa, akaupeleka mbele ya uso wa mtoto, karibu kabisa, akausogeza kulia na kushoto. Macho ya mtoto hayakuufuata.

"Huyu mtoto haoni," akasema.

"Mchana anaona," dada akasema.

"Mchana, sawa. Sasa haoni. Kwetu wakati ya vita tuliona watoto namna hii wengi sana. Tunawapa maini." Akazitazama sahani zote. "Maini iko wapi?"

Wote wawili walinitazama, na nikagundua kwamba bado nilikuwa nalamba kidole.

Sihitaji kueleza nilivyojisikia, kwa sababu nilikuwa nimefundisha somo lile lile Lodwar mara tisa, na dalili hiyo ndiyo ya kwanza ubaoni. Nilimgeuzia mtoto uso kwenye mwanga uliobaki. Weupe wa macho ulikuwa umefifia, hauna ung'avu.

"Lakini si ulimpa ile dawa?" dada akasema. Sauti yake ilikuwa ya kuomba. "Mimi niliona kitabu. Nikaambia watu wote, ndugu yangu alifika mpaka kwangu, nikiwa sipo, akaandika."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Nikasema, "Kesho asubuhi tutampeleka kliniki."

Muuguzi tuliyemkuta alikuwa binti mdogo kwangu, mwembamba, mwenye sauti ya kuamsha wafu. Mwaka uliopita nilimsahihisha mbele ya darasa zima kuhusu namna ya kushika mkasi. Hakuwa amesahau, niliona hivyo alipotuona mlangoni.

"Karibu, bwana lishe. Leo umekuja kutusahihisha nini?"

"Jua likizama mtoto huyu haoni, sista. Macho yamekauka. Anahitaji dozi ya matibabu."

Akamwangalia macho kwa tochi, polepole, akiongea naye kwa Kiturkana kizuri kuliko changu. Kisha akafungua kijitabu, na uso wake ukabadilika.

"Amepewa wiki tatu zilizopita. Nyekundu, kamili. Sahihi yako hii hapa." Akakifunga. "Mtoto aliyejaa vitamini A wiki tatu zilizopita hawezi kuwa hivi kwa sababu ya vitamini A. Hii ni kitu kingine. Na siwezi kumwongezea juu ya hiyo, nikimzidishia nitamuumiza. Nitaandika rufaa, mumpeleke Lodwar kwa mtu wa macho. Yeye anakuja wiki ijayo, akija."

Alikuwa sahihi kabisa. Kila neno alilosema lilikuwa kwenye vitabu vyangu. Kwa kadiri karatasi ilivyoeleza, mtoto alikuwa na ugonjwa usiojulikana, na njia ya kuutafuta ilikuwa ndefu: lori la Lodwar, foleni, wiki ijayo, akija. Na jicho lililoanza kukauka linaweza kuharibika kwa siku chache tu. Dawa ilikuwa kwenye kopo juu ya meza, hatua mbili kutoka kwenye pua yangu. Kati ya kopo na mtoto hakukuwa na kitu isipokuwa tiki yangu.

Dada alikuwa ameshasimama, anafunga shuka vizuri, tayari kwa safari. "Tutaenda," akasema. "Nitauliza lori."

"Sista," nikasema. "Hakupewa."

"Nani hakupewa?"

"Mtoto. Nilitia tiki, sikumpa."

Muuguzi akaweka kalamu chini. "Rudia."

"Nilikuta hawapo. Nikaandika. Nikasema nitarudi jioni, sikurudi. Kapsuli ilipasuka kwenye shati langu."

Nilidhani atacheka. Ningependa acheke. Dada yangu alisogea mezani, akakivuta kijitabu kwake. Hajui kusoma; alikuwa anauza kuni ili mimi nijue.

"Nionyeshe hiyo," akaniambia.

Nikaweka kidole juu ya tiki. Akaiinamia kwa muda, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye unyayo wa mtoto.

"Ni hii tu?"

"Ni hiyo."

"Ni ndogo," akasema, akakirudisha.

Muuguzi alikuwa tayari ameshafungua kopo. Niliunyooshea mkono mkasi, kwa mazoea. "Wewe shika kichwa," akasema. Nikashika kichwa. Akakata ncha, akakamua, mtoto akakunja uso, akalamba midomo na kuuliza kama kuna nyingine. Nyingine ingekuwa kesho, na ya tatu baada ya wiki mbili. Muuguzi akachora mstari juu ya tiki yangu na kuniambia niandike kando, kwa mkono wangu: hakupewa. Nikaandika. Sahihi iliyofuata haikuwa nzuri.

"Wengine wangapi?" akauliza bila kuinua kichwa.

Kama asingeuliza, sijui kama ningesema. Naandika hili kwa sababu ni kweli, si kwa sababu linanipendeza.

"Wawili. Nyumba mbili za jirani. Nao walikuwa kambini."

Alinipa kapsuli mbili na mhudumu wa afya wa kijiji wa kufuatana nami, si kunisaidia, bali kuona matone yakiingia mdomoni. Kabla ya hapo muuguzi alinisimamia nilipompigia simu mkubwa wangu wa Lodwar na kumweleza. Mkubwa akaniuliza kama nilikuwa naelewa kwamba tulitajwa wa kwanza. Nikasema naelewa. Akasema kuanzia kampeni ijayo nitabeba sanduku la dawa, na kiongozi atakuwa mtu mwingine. Nimelibeba tangu wakati huo. Nina haki ya kusema kwamba hakuna aliyewahi kulibeba vizuri kuliko mimi.

Nyumba ya kwanza mtoto alikuwa buheri wa afya, akanitemea theluthi ya dozi kwenye suruali. Nyumba ya pili mama alitupokea mlangoni, akamtazama mhudumu, akanitazama mimi, akaegemea nguzo. Habari ilikuwa imefika kabla yetu, na sikuhitaji kuuliza imepitia kwa nani.

"Leo umekuja na dawa," akaniuliza, "ama na kalamu?"

Nikamwonyesha kapsuli. Akaichukua mkononi mwangu, akaitikisa karibu na sikio, akanirudishia, ndipo akamwita mtoto.

Nilibaki kwa dada mpaka dozi ya pili ipite, nikaongeza siku. Hakunifukuza wala hakuniita daktari. Alinipa chai ya rangi na kunituma maji, mimi na diploma yangu, kama alivyonituma nilipokuwa na miaka sita. Mama wa samaki alipita na kifurushi cha maini ya mbuzi kutoka soko la kambini, akampa mtoto mwenyewe, akakaa kumwangalia mpaka amalize. Kila magharibi tulimweka mtoto nje na kumtazama. Ya kwanza alishika ukuta. Ya pili alishika ukuta.

Magharibi ya tatu nilikuwa narudi na mtungi wa maji, jua limekwisha, bado kuna mwanga mwembamba wa kijivu. Dada alikuwa amechuchumaa kwenye meko, ananipa mgongo. Mtoto alikuwa amekaa peke yake karibu na uzio wa miiba, mikono mapajani. Nikapita mbali kidogo, kimya, nisimshtue.

"Mjomba," akasema, "kamba ya kiatu chako inaburuta."

Niliangalia chini, nisione vizuri. Nikainama na kupapasa, na kweli ilikuwa imefunguka. Dada alikuwa ameacha meko. Alitembea kinyume na moshi, akasimama hatua kumi kutoka kwa binti yake, akainua vidole vitatu juu.

"Ngapi?"

"Tatu," mtoto akasema. "Na kimoja kimeungua."