Programu Nilizomsomea Mama

Nilikuwa mwanafunzi wa chuo hapa Eldoret wakati jani la mahindi lilipomkwaruza mama jichoni, katikati ya mavuno. Jicho lake lingine lilikuwa limeingia ukungu miaka mingi, kwa hiyo hilo lililoumia ndilo alilolitegemea. Daktari alilitia dawa, akalifunika kwa bandeji, akasema mama akae karibu na kliniki mpaka lipone, na asikaribie moshi hata kidogo. Kwetu Soy si mbali, lakini utamrudishaje mtu nyumbani kwenye jiko la kuni umwambie asikaribie moshi? Baba akabaki na ng'ombe, mimi nikamchukua mama kwenye chumba changu cha kupanga katika mtaa wa Pioneer.

Mama hakuzoea kukaa. Alikuwa mtu wa shamba na wa kanisa. Wahubiri wageni walipokuja na Kiingereza chao, yeye ndiye aliyesimama kando yao akiwatafsiria watu kwa Kinandi. Sasa alikuwa ameketi kitandani mwangu, mikono mapajani, akisikiliza pikipiki zikipita nje.

Mimi nilikuwa najiandaa kwa mashindano ya kuandika programu. Unapewa maswali, unaandika programu ya kujibu kila swali, unaituma mtandaoni, na kompyuta ya waandalizi inakuambia imekubali au imekataa. Laptop yangu ilikuwa imechoka. Zile programu nzito zenye vitufe na rangi walizotumia wenzangu ziliifanya igande. Dada mmoja aliyenitangulia chuoni akanionyesha njia nyepesi: unafungua dirisha jeusi lisilo na picha yoyote, unaandika amri, unabonyeza Enter. Amri ya kwanza inaitafsiri programu yako, ya pili inaiendesha. Nilikuwa napenda dirisha hilo. Halikuwa na maringo.

"Unaandika nini mchana wote bila kusema?" mama aliniuliza siku moja. "Mimi nasikia tu kama kuku anadonoa mabati."

"Ni masomo, mama."

"Basi soma kwa sauti. Hii nyumba iko kimya kama ya watu wamekosana."

Nikaanza kumsomea. Mwanzoni nilimsomea kwa kumhurumia, maana nilijua hataelewa. Nilisoma ile amri ya kwanza, "g, kujumlisha, kujumlisha, jina la faili," halafu, "sasa ninakompaili."

"Kukompaili ni nini?"

Nilifikiri kidogo. "Ile kazi yako ya kanisani. Mimi ninaandika kwa lugha ninayoielewa, na kompyuta haielewi. Kuna mkalimani ndani anaigeuza iwe lugha yake."

Aligeuza uso kuelekea sauti yangu. "Na ukikosea?"

"Anakataa. Anakuambia mstari gani uko na makosa, halafu anasimama."

"Anasimama tu? Harekebishi?"

"Harekebishi, mama. Hata nukta moja."

Mama akacheka mpaka akashika bandeji. "Basi hana huruma. Siku moja mgeni alisema mbele ya watu kwamba Nuhu alimezwa na samaki. Mimi nikawaambia watu ni Yona. Akaendelea kuhubiri na raha yake. Mpaka leo hajui."

Kuanzia hapo alijua mkondo wa kazi. Nikiandika amri ya kuendesha programu, ile inayoanza na nukta na mkwaju, yaani kistari kilichoinama, nilikuwa naisema kwa Kiingereza, "dot slash", naye aliigeuza kuwa neno moja, "dotislashi", akilitamka kama jina la mtu wa ukoo. "Umekompaili? Haya, mwite Dotislashi." Nikipata makosa alisikitika kama nimeungua. Wakati mwingine kompyuta ilitoa onyo tu, ikaendelea na kazi. Nilipomweleza hilo alisema, "Hiyo ni kukohoa. Mimi pia nilikuwa nakohoa mhubiri akianza kupotea."

Jumamosi ya mashindano nilimpikia chai mapema, nikamwekea thermos mahali mkono wake ungefika. Nikamwomba, kwa adabu, asiniulize maswali.

"Sitauliza. Wewe soma tu."

Swali la kwanza lilikubaliwa. La pili nikakosea mara moja, nikarekebisha, likakubaliwa. La tatu lilihusu kujumlisha mizigo ya watu wengi waliopanga mstari. Nilijaribu kwa mfano waliotupa, jibu likatoka sawasawa. Nikatuma. Likakataliwa. Nikasoma upya, nikabadilisha kitu, nikakompaili, nikatuma. Likakataliwa tena. Sikuwa najua nitazame wapi. Vidole vikaacha kuandika.

"Umenyamaza," mama alisema.

"Inakataa, mama, na sioni kosa."

"Njoo hapa."

"Saa inakwenda."

"Wacha iende. Njoo."

Nilikwenda nikaketi sakafuni, mgongo wangu ukiegemea magoti yake. Mama akapapasa kichwa changu, akakuta msuko mmoja umelegea nyuma ya sikio, akaufumua na kuanza kuusuka upya. Hakuhitaji macho. Tangu nikiwa mdogo alinisuka akiongea na watu wengine, hata bila kunitazama.

"Sasa niambie hilo swali," alisema. "Si kwa Kiingereza. Niambie kwa lugha yetu."

Sikuwa nimewahi kusema programu kwa Kinandi. Maneno hayakuwepo. Ule mstari wa namba nikaufanya watu wanaopeleka maziwa asubuhi, kila mmoja na kiasi chake. Nikasema kila anayefika anamimina maziwa yake kwenye chombo kimoja, na mwisho tunaulizwa kuna maziwa kiasi gani.

"Watu wangapi?"

"Wengi sana. Waliotupa kwa mfano ni wachache, lakini wenyewe wanaweza kuleta..."

Nikainua kichwa. Mikono yake nayo ikatulia.

Kulikuwa na watu wengi sana, na kila mmoja na mzigo mkubwa. Mimi nilikuwa nimechagua chombo kidogo, ile aina ya namba ya kawaida ambayo ikijaa inamwagika na kukupa jibu la ajabu. Kwa mfano wao mdogo kilitosha. Kwa namba zao halisi hakikutosha.

Niliinuka msuko ukining'inia. Nikabadilisha neno moja ili chombo kiwe kikubwa. Nikakompaili, nikamwita Dotislashi, nikatuma. Tukangoja.

"Imekubali," nilisema.

"Kongoi," mama akasema kwa Kinandi, akishukuru. Sikujua anamshukuru Mungu, mimi au mashine.

Muda uliisha nikiwa bado nalihangaikia swali la nne. Matokeo yalipotoka nilikuwa katikati ya orodha, mbali na wale waliovuka kwenda raundi nyingine.

"Tumeshinda?" aliuliza.

"Hapana, mama. Hatukuvuka."

"Lakini lile la maziwa walikubali."

"Walikubali."

"Haya. Sasa uje nimalize hii nywele."

Bandeji ilitolewa wiki iliyofuata. Alipepesa macho muda mrefu pale kliniki, akanishika kidevu, akasema nimekonda. Tuliporudi aliomba aone mahali nilipokuwa nikisoma. Nikamfungulia dirisha jeusi lenye mistari michache ya maandishi meupe. Aliinama karibu sana, akalitazama kwa jicho hilo lililopona.

"Ni hii tu?"

"Ni hii tu."

"Mimi nilifikiri iko kubwa," alisema, akakiri kwamba alikuwa amemwazia yule mkalimani akiwa na koti.

Alirudi Soy na pikapu ya jirani. Chumba kikawa kikubwa ghafla, na kwa siku kadhaa nilikuwa napika chai ya watu wawili. Halafu akapiga simu kuuliza mashindano mengine ni lini.

"Jumamosi ijayo."

"Basi uniweke spika. Mimi nitakuwa hapa napukuchua mahindi, sitasema kitu."

Jumamosi hiyo niliweka simu juu ya meza, kando ya laptop, nikaanza kusoma swali la kwanza. Upande wa pili punje zilikuwa zinaanguka ndani ya beseni. Nilipofika mahali pagumu nikasita, nazo zikasita, mama akingoja niendelee.