Simu Niliyoifungia Waifai

Chwap, chwap. Hivyo ndivyo patipati za Mama Nafula, ndara zake za mpira, zilivyolia kwenye veranda yetu, ghorofa ya tatu, hapa Makadara. Bado nazisikia. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, chai yangu ikiwa bado moto. Cheka ukitaka. Hata mimi ningecheka.

Ruta, kile kisanduku cha intaneti cha wapangaji wote wa ploti, ilikaa chumbani kwangu, na kwetu waifai ni kama chumvi: jirani akiomba, unampa. Mama Nafula, mjane wa chumba cha mwisho, aliitumia mara moja tu kwa wiki. Jumapili saa kumi, bintiye anayefanya kazi za nyumba Uarabuni alikuwa akimpigia kwa video. Siku nyingine mwajiri hakumruhusu kushika simu.

Mimi nami nilikuwa na ndoto yangu. Nilikuwa najaribiwa kazi ya kufundisha Kiswahili watoto walio ng'ambo, kwa laptop. Lakini kila baada ya dakika chache intaneti ilikwama, ikatulia, kisha ikaendelea. Mwanafunzi mmoja akaniambia, "Mwalimu, umekuwa picha tena." Nilicheka, ila moyoni nililia. Nikazima ruta, nikaiwasha. Nikaisogeza laptop hadi karibu iiguse. Wapi! Mwishowe nikafungua orodha ya simu zinazotumia ruta, nikaiona ya Mama Nafula, nikaishuku kwamba ndiyo inayoivuta intaneti, nikaifungia. Sikumwambia.

Jumapili ya wiki hiyo akabisha. "Mwanangu, waifai imelala?"

"Imelala kwetu sote, mama," nikasema, nimeuegemea mlango asione laptop ikiwaka nyuma yangu. Unaamini alinishukuru? Akaniachia na ndizi mbili.

Jumapili iliyofuata, saa kumi: chwap, chwap. Nilifungua kabla hajabisha. Leso ileile ya wiki iliyopita, simu mkononi, kioo cheusi.

"Bado imelala?"

"Bado, mama."

Hakukasirika. "Basi nitangoja hapa hapa."

Nikafunga mlango polepole, kwa aibu. Laptop ikakwama.

Baadaye kidogo nikatoka na mtungi wa maji. Veranda ilikuwa tupu, na mlango wa Mama Nafula una kufuli. Chini nikawakuta kina mama wa ploti wamekusanyika. Wakaniuliza kama nimesikia. Mama Nafula alizidiwa usiku wa kuamkia leo, akapelekwa hospitali, akafariki alfajiri. Bintiye alikuwa analia kwenye simu ya jirani kwamba Jumapili iliyopita hakuuona uso wa mamake. Nikawaambia nimetoka kuongea naye sasa hivi. Mmoja akanigusa paji la uso, kuona kama nina homa.

Nilipeleka laptop kwa fundi Eastleigh. Hakuhitaji hata kuifungua kwa bisibisi. Kumbe ilikuwa imewekwa kutafuta mitandao mingine kila mara hata ikiwa tayari imeunganishwa, ndiyo maana ikawa inakwama. Alibadilisha kitu kimoja tu kwenye mipangilio yake. Ile simu ya Mama Nafula haikuwa na kosa lolote.

Kazi niliipata. Watoto wananipenda. Lakini kila Jumapili saa kumi laptop hukwama, na fundi haoni kitu. Binti wa Mama Nafula sijamwambia, sijui nianzie wapi. Wewe unayesoma, intaneti ikikusumbua, anza kukagua chombo chako kabla hujamgusa jirani. Na akija mlangoni kuuliza, tafadhali, mwambie ukweli siku hiyo hiyo.

Kwa muda mrefu niliogopa hata kuifungua ile orodha ya simu. Jumapili iliyopita, saa kumi kasoro dakika chache, nikiwa peke yangu, niliifungua. Simu ya Mama Nafula bado iko pale, imefungiwa. Nikaifungulia. Kisha nikatoa kiti changu nje verandani, nikakipangusa, nikauacha mlango wazi.